Ujira wa Mtunzaji

Historia hupenda kuwaandika watu waliosafiri. Golbanti, kijiji kilichoko katika bonde la chini la Mto Tana, kusini mwa mji wa Garsen, kiliingia vitabuni kwa mlango huo. Thomas Wakefield, mmisionari wa Kimethodisti kutoka Uingereza, aliweka makao Ribe karibu na Mombasa mwaka wa 1862, na kwa zaidi ya miaka 20 moyo wake ulikuwa ukielekea kaskazini, kwa Waoromo wa Mto Tana. Hatimaye misheni ilifunguliwa Golbanti. Mwezi wa Mei mwaka wa 1886, John Houghton na mkewe Annie, waliokuwa wakiiongoza, waliuawa pamoja na waumini kadhaa katika shambulio la Wamaasai, na jina la kijiji hiki likasomwa hata Ulaya.

Wapo watu wengine wa bonde hilo ambao hawakuandikwa na msafiri yeyote, kwa sababu wao wenyewe hawasafiri. Ni mama asiyeweza kwenda shambani kwa kuwa mwanawe mwenye miaka 20 hawezi kuketi bila kushikwa. Ni binti aliyeacha shule ili amgeuze babu yake kitandani. Ni kijana alalaye mlangoni ili nduguye mwenye maradhi ya akili asitoke usiku akaangukia mtoni. Kazi yao ni ya zamani kuliko misheni, kuliko kodi, na kuliko Serikali yenyewe. Insha hii yaeleza jinsi kila zama zilivyoitazama kazi hiyo, jinsi fedha za umma zilivyoanza kuufikia mlango wa mtunzaji, na kwa nini swali la ujira wake halijapata jibu kamili.

Tuanze na zama za kale. Wapokomo walilima kandokando ya mto, wakifuata maji yanapojaa na yanapopungua. Waorma walifuga ng'ombe katika mbuga, wakienda mbali wakati wa mvua na kurudi mtoni wakati wa kiangazi. Katika maisha ya namna zote mbili, mtu asiyejiweza alikuwa amana ya jamaa nzima. Aliyemlisha na kumwosha hakupokea sarafu, maana sarafu zilikuwa chache. Lakini jamaa waliokwenda shambani au machungani walirudi na chakula chake pia. Aliyebaki nyumbani alikula jasho la waliotoka, na waliotoka walipata utulivu wa moyo kwa sababu ya aliyebaki. Waswahili wamelitia jambo hilo katika methali: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe.

Tusizisifu zama hizo kupita kiasi. Katika nchi nyingi, Afrika na kwingineko, mtoto aliyezaliwa na kilema alidhaniwa kuwa ni laana, akafichwa. Na mzigo wa kumtunza aghalabu uliwaangukia wanawake bila wao kuulizwa. Hata hivyo, lipo jambo moja lipasalo kukumbukwa: matunzo na riziki vilikaa katika nyumba moja. Mtu hakulazimika kuchagua baina ya kumtunza nduguye na kula, kwa kuwa chakula kilitoka katika mikono mingi.

Uchaguzi huo mchungu uliletwa na fedha. Mwanzoni mwa karne ya 20 Serikali ya Kiingereza ilianza kutoza kodi ya nyumba katika himaya yake ya Afrika Mashariki, na kodi ililipwa kwa fedha taslimu. Ili kuipata, wanaume wengi wa pwani na bara walikwenda kutafuta kazi ya mshahara katika mashamba makubwa, katika reli na katika bandari ya Mombasa. Kila mtu aliyeondoka kijijini alipunguza mikono miwili nyumbani. Mwenye kumtunza asiyejiweza hakuweza kuondoka. Na kadiri fedha zilivyozidi kuwa kipimo cha kazi, ndivyo kazi yake isiyo na mshahara ilivyozidi kuonekana kama si kazi.

Misheni zilisaidia kwa kadiri zilivyoweza. Mbali na Wamethodisti wa Golbanti, Wajerumani wa misheni ya Neukirchen walifika Ngao, kijiji jirani, mwaka wa 1887, wakakaa na Wapokomo. Lakini Serikali ya kikoloni, ambayo ndiyo iliyokuwa na hazina, ilishikilia fikira moja iliyokuwa rahisi kwake: kwamba ukoo wa Mwafrika ni bima yake, nao utamlea mgonjwa, kipofu na mzee bila gharama kwa Serikali. Fikira hiyo ilisifu desturi kwa mdomo, na wakati huohuo kodi na kazi za mbali zilikuwa zikiwatawanya wale waliokuwa wakiitimiza.

Ajabu ni kwamba sheria za zama hizohizo zilijua vema kwamba matunzo yana thamani ya fedha. Katika mwaka wa 1949 Kenya ilipata sheria ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini. Ndani yake mlikuwa na kifungu cha mfanyakazi aliyeumia vibaya hata hawezi tena kufanya kazi yoyote, na ambaye lazima apate msaada wa daima wa mtu mwingine. Mtu kama huyo alistahili fidia yake, kisha aongezewe robo ya fidia hiyo kwa ajili ya msaada huo. Robo hiyo yatufunza mengi. Mtu akivunjika uti wa mgongo bandarini, sheria ilimwona aliyemwinua na kumlaza. Akizaliwa hivyo Golbanti, au akianguka kutoka juu ya mnazi wake mwenyewe, sheria haikumwona mtu. Kuosha kulikuwa kulekule, na kulisha kulekule. Tofauti ilikuwa mahali ulemavu ulipopatikana.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, matumaini yalikuwa makubwa. Mwaka uliofuata Serikali iliunda kamati, chini ya Ngala Mwendwa aliyekuwa Waziri, kuchunguza matunzo na mafunzo ya walemavu. Na mapendekezo yake yakazaa waraka wa Serikali Na. 5 wa mwaka wa 1968. Vyuo vya kufundisha walemavu kazi za mikono vilifuata katika miaka ya 1970. Hayo yalikuwa mema, na watu wengi walipata ushonaji, useremala na heshima ya kujitegemea. Lakini shabaha yake ilikuwa mlemavu anayeweza kufundishwa kazi. Yule asiyeweza kutoka kitandani alibaki nyuma ya shabaha hiyo, na aliyekaa kando ya kitanda alibaki nyuma zaidi.

Katika miaka hiyohiyo nchi iliweka misingi ya akiba na bima: Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii mwaka wa 1965, na bima ya hospitali ya taifa mwaka wa 1966. Mifuko hiyo miwili ilijengwa juu ya mshahara. Mwenye mwajiri alikatwa kidogo kila mwezi, naye alipozeeka au alipougua alikuwa na pa kushika. Mkulima wa mpunga wa Mto Tana hakuwa na mwajiri. Mchungaji hakuwa na hati ya mshahara. Na mtunzaji hakuwa na hata cheo ambacho karani angeweza kukiandika. Kwao iliachwa harambee, yaani michango ya hiari. Harambee yafaa kwa kujenga darasa, maana darasa likiisha kujengwa limekwisha. Haiwezi kumwosha mtu asubuhi na jioni kwa miaka 30.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwanzoni mwa karne hii. Mwaka wa 2003 Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, iliyounda baraza la taifa na mfuko wa maendeleo kwa ajili yao. Sheria hiyo ilidumu mpaka nafasi yake ilipochukuliwa na nyingine mwaka wa 2025. Mwaka wa 2008 Kenya ilithibitisha mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Kisha Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 43, ikaitwika Serikali wajibu wa kuwapa hifadhi watu wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Neno lililokuwa la huruma likawa neno la haki.

Mwaka wa 2011 ndipo fedha zenyewe zilipoanza kutolewa kwa nyumba zenye watu wenye ulemavu mkubwa. Mwanzo ulikuwa mdogo: nyumba 10 katika kila jimbo la uchaguzi, na majimbo yakati huo yalikuwa 210, yaani nyumba 2,100 katika nchi nzima. Tana River ilikuwa na majimbo 3, Garsen, Galole na Bura, basi hesabu yake ilikuwa nyumba 30. Jimbo la Garsen peke yake laanzia Kipini, penye mlango wa mto baharini, likapita Golbanti na Ngao, hadi vijiji vilivyo juu ya mji wa Garsen. Yamkini msomaji aweza kuwaza jinsi ilivyokuwa vigumu kuchagua nyumba 10 katika nchi pana kama hiyo. Baadaye hesabu iliongezwa, hata katika miaka ya kati ya 2010 ikafika nyumba zipatazo 47,000. Hata hivyo, sensa ya mwaka wa 2009 ilikuwa imehesabu watu wenye ulemavu wa namna mbalimbali zaidi ya 1,300,000.

Kiasi kilichowekwa kilikuwa shilingi 2,000 kwa mwezi, zikilipwa kila baada ya miezi miwili, kwanza kwa njia ya Posta, halafu kwa mabenki na mawakala wao. Kwa kuwa mwenye ulemavu mkubwa aghalabu hawezi kwenda kuzipokea wala kutia sahihi, mtu wa nyumbani huandikishwa kuwa mlezi wake, naye huonyesha kitambulisho na kuzichukua kwa niaba yake. Hivyo jina la mtunzaji liliingia katika daftari la Serikali kwa mara ya kwanza. Lakini liliingia kama jina la mpokeaji. Fedha ni za mlemavu na za nyumba yake. Mtunzaji ni mkono wa kuzibeba.

Hapa yapo maneno yanayostahili kusomwa kwa makini. Serikali ilipoeleza ni nani mwenye ulemavu mkubwa, ilisema ni yule anayehitaji matunzo ya daima: kulishwa, kupelekwa msalani, na kulindwa na hatari, na kwamba hali yake humfanya mzazi au mlezi akae nyumbani au karibu naye wakati wote. Tazama jambo hilo. Kifungo cha mtunzaji kimefanywa kuwa alama ya kumtambulisha mtunzwa. Serikali imekiri kwa maandishi yake yenyewe kwamba mtu wa pili katika nyumba hiyo hawezi kwenda kazini. Kisha, ilipofika mahali pa kuhesabu fedha, ilihesabu mtu mmoja.

Na tufanye hesabu kama wanafunzi wafanyavyo. Shilingi 2,000 zikigawanywa kwa siku 30, kila siku yapata chini ya shilingi 67. Siku moja ina saa 24, na matunzo hayo hayana saa ya kufunga ofisi. Basi kila saa yapata chini ya shilingi 3. Katika hizo zitoke unga, sabuni, dawa, na nauli ya kwenda hospitali ya Ngao au Garsen. Zaidi ya hayo, kiasi hicho kilikaa palepale kwa zaidi ya miaka 10, wakati bei ya unga na mafuta ya taa haikukaa. Hapana mtu awezaye kusema kwa haki kwamba huo ni ujira. Ni msaada wa chakula, na kama msaada wa chakula umewafaa wengi. Lakini mtunzaji bado hajalipwa.

Yapo na mambo ya mahali. Mto Tana hufurika. Wazee wa bonde hukumbuka gharika ya mwaka wa 1961, na ile ya mwaka wa 1997 na 1998. Na vijana wameona ya mwaka wa 2018. Maji yakija, mwenye miguu hukimbilia mahali palipoinuka. Mtunzaji hubeba mtu mzima mgongoni au humtia katika mtumbwi. Mwaka wa 2012 yalikuja mapigano baina ya wakulima na wafugaji wa bonde hili, watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha, na maelfu wakahama nyumba zao. Katika nyakati kama hizo kumbakia asiyejiweza ni kuhatarisha roho ya pili, na watunzaji hufanya hivyo bila kuamrishwa na mtu.

Swali hili halikuzuka katika Kenya peke yake, wala nchi tajiri hazikulijibu kwa urahisi. Uingereza, ambayo sheria zake ndizo zilizokuwa mfano wa sheria nyingi za Kenya, ilianza mwaka wa 1976 kumlipa mtu aliyeacha kazi ili amtunze jamaa yake mlemavu. Fedha hizo zilikuwa za mtunzaji mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe. Lakini sheria iliwatoa wanawake walioolewa. Sababu iliyotolewa ni kwamba mwanamke aliyeolewa angekaa nyumbani vyovyote vile. Basi hapotezi kitu. Miaka 10 ilipita hivyo. Ndipo Jacqueline Drake, mke aliyeacha kazi yake mwaka wa 1984 ili amtunze mama yake, alipodai haki yake. Na mwezi wa Juni mwaka wa 1986 mahakama ya Jumuiya ya Ulaya iliamua kwamba ubaguzi huo ni kinyume cha sheria. Wanawake walioolewa wakaanza kulipwa.

Kisa hicho chatufaa, kwa kuwa hoja iliyoshindwa Ulaya mwaka wa 1986 ingali yaishi kwetu bila kutamkwa. Twadhani mama wa Golbanti angekaa nyumbani vyovyote vile. Hatuoni shamba ambalo angelima, samaki ambao angekaanga na kuuza sokoni Garsen, wala masomo ambayo binti yake angeyamaliza. Uchunguzi wa matumizi ya wakati uliofanywa Kenya mwaka wa 2021 ulionyesha kwamba wanawake hutumia yapata saa 4 na nusu kila siku katika kazi za nyumbani na za kutunza watu bila malipo, na wanaume karibu saa 1. Huo ni wastani wa wanawake wote. Nyumbani kwa asiyejiweza saa hazihesabiki.

Wako wanaopinga ujira huo, nao tuwasikilize. Wa kwanza husema: mapenzi ya jamaa hayauzwi, na mama akilipwa kwa kumlea mwanawe, mapenzi yatageuka biashara. Neno hili lina uzuri, lakini halitimizwi kwa usawa. Mwalimu hulipwa na bado huwapenda wanafunzi wake; mganga hulipwa na hatusemi kwamba huruma yake ni ya bandia. Kinachoharibu mapenzi ni njaa na uchovu usio na mwisho. Mtu aliyechoka bila msaada huanza kumwonea uchungu yule anayempenda, kisha hujionea haya kwa uchungu huo. Ujira haununui mapenzi yake. Humnunulia pumzi ya kuyahifadhi.

Wa pili husema: watu watadanganya, na fedha zitakwenda kwa wasiostahili. Hatari hiyo ipo, na ndiyo sababu orodha husomwa mbele ya watu barazani, ambako jirani anajua nani hutunza na nani hujidai. Hazina zote huibiwa zisipolindwa. Hatujafunga ofisi ya kodi kwa sababu hiyo.

Wa tatu husema: nchi ni maskini, na hazina haitoshi. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na haifai kudharauliwa. Lakini tujiulize ni nani anayelipa sasa. Gharama haikutoweka kwa kuwa Serikali haikuilipa. Inalipwa na mtu mmoja, katika nyumba maskini kuliko nyingi, kwa mashamba asiyolima na uzee asiouwekea akiba. Mtunzwa akifariki, jina lake huondolewa katika orodha na malipo hukoma. Mtunzaji hubaki na miaka 20 ya kazi isiyo na cheti, isiyo na pensheni, na isiyo na mwajiri wa kumpa barua ya shukrani. Haki yaweza kuanza kwa kidogo: sehemu ndogo itengwe kwa jina lake, akiba yake ya uzeeni iwekwe, na siku chache za mapumziko katika mwaka apatiwe mtu wa kumshikia zamu.

Tumeona basi njia ndefu. Ukoo ulimlisha mtunzaji bila kumlipa. Fedha zilipokuja, zilimwacha bila kumlisha wala kumlipa. Sheria ya mwaka wa 1949 ilijua thamani ya kazi yake, lakini kwa aliyeumia kwa mwajiri tu. Uhuru uliwatazama wenye kuweza kufundishwa. Mwaka wa 2011 Serikali ilifika mlangoni, ikaandika jina la mtunzaji, ikampa fedha za kumpelekea mwingine. Bado hatua moja: kumtazama yeye mwenyewe.

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Kijana asomaye maneno haya kwa macho mazima na miguu yenye nguvu hajui ni lini yeye, au mzazi wake, atahitaji mkono wa kumwinua. Siku hiyo atapata mkono, kwa sababu watu wetu hawajapoteza desturi hiyo. Linalobaki ni kuamua, maadamu tungali na nguvu za kuamua, kama mkono huo utakuwa mtupu.